Makachu wa Forodhani na Kilango cha Kamera

Nilikwenda Unguja kumzuru rafiki yangu wa utotoni, wala sikudhani kwamba safari ile ingenifunza neno juu ya kamera. Nilifuatana na mtoto wa marehemu ndugu yangu, kijana mpiga picha. Tulivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, na baada ya sala ya alasiri tukatelemka Forodhani, penye bustani iliyo baina ya bahari na Ngome Kongwe. Kando yake yasimama Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020.

Pale ukutani hukusanyika vijana waitwao makachu. Kila mmoja hurudi nyuma, akaja mbio, akaruka na kujipindua hewani, kisha bahari ikammeza. Watazamaji hupiga makofi. Jicho huona kivuli kilichopita na maji yaliyotawanyika, basi.

Kijana wangu alikuwa na Leica M8 aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Kamera hiyo ilitoka mwaka 2006. Ni ya dijitali, haitumii filamu, lakini hulengwa kwa njia ya kizamani: mtu huchungulia katika kidirisha kilicho juu, kando ya lenzi, akaona sura mbili za kitu kimoja, akaizungusha lenzi mpaka sura hizo zikawa moja. Ndani yake mna kilango cha mabamba membamba ya chuma, kiwezacho kupitisha nuru kwa muda wa sehemu moja tu ya 8000 ya sekunde. Hata M9, iliyoifuata mwaka 2009, iliishia 1/4000.

"Wepesi wote huo wa nini, na wewe hupigi picha za risasi?" nikamwuliza.

"Ami, una faida mbili," akajibu. "Ya kwanza, jua la kwetu ni kali. Nikifungua tundu la lenzi hadi namba 2, ili yaliyo nyuma ya mrukaji yafifie, nuru huwa nyingi mno. Kilango kisipofunga upesi, picha huwa nyeupe tupu. Ya pili, mtu aliyekwisha anguka mita moja na robo huwa anakwenda mita 5 kwa sekunde. Kilango kikikaa wazi sehemu moja ya 60 ya sekunde, amekwisha kwenda sentimita 8, na uso wake huwa kama ukungu. Kwa 1/8000, hatimizi hata milimita moja."

Lakini wepesi ule haukumwondolea haja ya subira. Kuziunganisha sura mbili hali mtu yuko hewani si jambo jepesi. Kwa hiyo alisimama upande, jua likiwa nyuma ya bega lake, akalenga mapema ukingo wa ukuta ambapo wote hukanyaga, akaiacha lenzi vivyo hivyo. Na kwa kuwa kidirisha chake huonyesha hata yaliyo nje ya mipaka ya picha, alimwona mrukaji angali mbioni, akangoja.

Akabonyeza mara tatu, kisha akanionyesha. Matone ya maji yalisimama hewani kama shanga. Vidole vya miguu vilihesabika. Na uso nao ulikuwa wazi, nami nikautambua: ni mtoto wa mwenyeji wetu, aliyeaga mchana kwamba anakwenda chuoni! Baba yake alikuwa amemkataza ukuta ule, kwa kuchelea siku ambayo maji yamekupwa.

"Ami, niifute?" kijana akauliza.

Sikumjibu upesi. Tukiifuta, tumemsitiri, lakini bahari hupwa, na aangukaye juu ya mawe hasitiriki. Tukiipeleka kwa baba yake, tumekula chakula cha watu kisha tukawa wapelelezi nyumbani mwao. Kwa macho yangu nisingalijua lolote. Kilango kile ndicho kilichonijulisha.

Baada ya magharibi mwenyeji wetu akataka kuziona picha. Nikamwomba tunywe kahawa kwanza. Kisha nikatoka barazani, nikamwita mwanawe, nikampa kamera mkononi. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Maalim, utamwambia baba?"

"Picha ni yako, mwanangu, mimi siipeleki. Lakini mimi na wewe twajua kwamba maji hupwa."

Alikaa kimya, kisha akainuka, akaichukua kamera kwa mikono miwili, akaingia ndani mwenyewe. Nikasikia sauti ya baba yake ikipanda, halafu kimya. Nilipoingia, nilimkuta mzee ameikaribisha kamera machoni.

"Kesho hatoki," akaniambia. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini tazama, Maalim, miguu ameinyoosha."

Enyi vijana mnaobeba kamera, na siku hizi kila mwenye simu anayo, chombo hicho huona ambalo jicho halikujaliwa kuliona. Alionaye mtu kwa namna hiyo amepewa amana. Basi kilango na kiwe chepesi, lakini mkono uwe mzito kuonyesha, na mwenye uso wake awe wa kwanza kuulizwa.