Kilo 32 kuvuka Likoni

Konda aliniuliza kama nimebeba mayai. Nilikuwa nimepakata ndoo ya plastiki iliyojaa soksi za shule za mdogo wangu, na ndani ya kila soksi mlikuwa na valvu moja. Valvu ni kioo kitupu; kuziacha kwenye amplifaya, ndani ya buti la basi, kutoka Tanga hadi Mombasa, roho yangu ilikataa. Amplifaya yenyewe, kilo 32 za mbao, chuma na spika mbili za inchi 12, ilikuwa butini, imeviringishwa blanketi na kukazwa kwa kamba ya katani.

Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka. Kazi yangu ni kutengeneza simu, na fundi simu hana safari: wagonjwa humfuata mezani. Lakini huyu alikuwa amenishinda.

Ni Vox AC30 ya babu, iliyotengenezwa Dartford, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu alipiga gitaa la rizimu. Mtu akisikia bendi ya Tanga huuliza upesi: Atomic au Jamhuri? Si hii wala ile. Bendi yake haikurekodi hata wimbo mmoja, na babu huieleza habari hiyo kana kwamba lilikuwa azimio la kamati.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Ukiiwasha inavuma, mvumo mzito kama wa nyuki ndani ya pipa. Dakika kumi baadaye sauti inaanza kukwaruza, na ukichungulia nyuma unaona valvu mbili kati ya nne za nguvu zimekuwa nyekundu tumboni. Sisemi ule mwanga wa rangi ya chungwa wa uzi wa ndani, huo ni wa afya. Ni bati lenyewe limeiva kama kaa la moto. Nilibadilisha zote nne. Nikaagiza nyingine kutoka nje, nikabadilisha tena. Mara zote ziliiva zile zile mbili za upande mmoja, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Horohoro, afisa wa forodha akataka blanketi lifunguliwe. Akaridhika na amplifaya, akageukia ndoo. Nikamtolea valvu moja kutoka kwenye soksi. Akaishika kwa vidole viwili, akaitazama juani, akamwita mwenzake, mwenzake akawaita wengine. Mmoja, mtu mzima, akasema redio ya kwao ilikuwa na vitu hivyo, na ilichelewa sana kupata moto hata taarifa ya habari ikawa inawapita. Nikaandikiwa karatasi kwamba mali inakwenda kutengenezwa na itarudi. Enzi za babu bendi nyingi za Tanzania zilivuka kwenda kurekodi Nairobi. Yake haikuvuka. Angalau sasa chombo chake kilikuwa kimevuka.

Lunga Lunga, Msambweni, Ukunda: minazi na usingizi. Likoni ndiyo iliyonizindua.

Hakuna aliyeniambia kwamba feri inaanza na mteremko. Abiria wa miguu halipi, kwa hiyo umati unashuka kama maji, na ukiwa umeshuka basi na kilo 32 juu ya mkokoteni huna pa kusimama. Hamali niliyemkodi alitangulia, akiuzuia mkokoteni kwa mgongo. Mimi nyuma nikivuta kamba, ndoo ya soksi nimeitungika shingoni. Ndani ya feri upepo wa chumvi ulikuwa ukipiga moja kwa moja kwenye kitambaa cha spika, nikavua shati nikakifunika. Mama mmoja mwenye kapu la samaki alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, wamzika nani?"

Mzee niliyeelekezwa kwake ana chumba kimoja nyuma ya Mwembe Tayari, redio za valvu zimepangwa hadi darini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza, "Yaumwa na nini?" Nikaanza kumweleza nilivyobadilisha valvu. Akanikatiza. "Sikuuliza dawa. Nauliza ugonjwa."

Kabla ya kugusa chochote alichukua rezista kubwa yenye waya mbili, akaitumia kumaliza umeme uliobaki ndani ya kapasita. Mimi huzigusanisha kwa bisibisi, cheche inaruka, basi. Nilipomwambia hivyo alitia mkono wake wa kushoto mfukoni. "Huu hukaa hapa. Volti 300 zikiingia mkono mmoja zikatokea wa pili, zapita moyoni." Kisha akaunganisha balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme wa ukutani, ili kama ndani kuna shoti iwake balbu, isiungue transfoma. Balbu iliwaka, ikafifia.

Halafu akachomoa valvu zote nne za nguvu. Mimi siku zote nilipima zikiwa zimo. Akaingiza ncha ya mita kwenye tundu la pili la soketi. "Hapa pataka sufuri." Upande wa kulia: sufuri. Upande wa kushoto: volti 9, chanya. Na hapakuwa na valvu ya kusingizia.

Ilikuwa kapasita, ukubwa wa pingili ya kidole. Kazi yake ni kupitisha muziki kutoka hatua iliyotangulia na kuzuia volti zisifuatane nao. Imezeeka, ikaanza kuvuja, na volti zile tisa zikawa zinazifungulia valvu mbili mlango, zifanye kazi bila kupumua. Nilikuwa ninamlisha chui yule yule mbuzi wangu.

Mzee alibadilisha kapasita za pande zote mbili, kisha zile kubwa za kuchujia, mama wa ule mvumo. Nilidhani tumemaliza. Yeye akapima volti za uzi wa valvu, ambazo hutakiwa kuwa 6.3. Mita ikasema 7.4. Akainama kusoma kitufe cha kuchagua volti: 205. Soketi yake ya ukutani ilikuwa na 240.

"Nani alokiweka hapa?"

Kitufe hicho nilikuwa nimekiona mara mia. Nikampigia babu, nikaweka sauti ya nje.

"Mimi," babu akajibu bila kufikiri. Ilikuwa dansi Korogwe, jenereta ya ukumbi imechoka, taa zinawaka kama mishumaa, amplifaya inanong'ona. Akazungusha hadi 205 na watu wakacheza mpaka alfajiri.

"Ukakirudisha?" akauliza mzee.

Simu ikanyamaza kidogo. "Bwana mkubwa, tulifunga vyombo gizani."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Akakizungusha hadi 245, uzi ukashuka hadi 6.2.

Siku ya tatu nilikuwa Tanga. Babu alinisubiri barazani, gitaa mapajani, amevaa shati la kwenda msikitini. Nikachomeka, nikawasha, tukangoja valvu zipate moto. Akainamisha sikio kwenye spika.

"Umewasha?"

"Nimewasha, babu."

"Hebu washa."