Ile Picha ya Mlima Niliposti Haikuwa Yangu

Wacha nianze na kukiri, ndio tusipotezeane wakati. Ile picha ya Mlima Kenya niliposti mwezi wa nne, jua limewaka, theluji inang'aa, na mimi nikaandika chini "Asubuhi ya Nanyuki ni hivi"? Haikuwa yangu. Ilipigwa Agosti ya mwaka mwingine, na mtu mwingine. Mimi nilikaa Nanyuki siku tano na huo mlima sikuuona hata dakika moja.

Sasa mnaweza kunitukana, alafu mkimaliza mnisikize.

Mimi ni mtoto wa Makadara. Nimelala na kuamka na sauti ya treni. Pale stesheni yetu reli inagawanyika: moja inashika njia ya Mombasa, ingine inaenda Ruiru, Thika, mpaka iishie Nanyuki. Nikiwa mdogo nilikuwa nadhani Nanyuki ni mahali dunia inaisha, juu reli inaishia huko. Mwisho wa 2020 treni ya abiria ya Nanyuki iliporudi, watu wa mtaa walisimama kando ya reli wakirekodi. Mimi pia. Lakini kupanda sijawahi.

Kwa hivyo mwenye gesti moja ya huko aliponitumia ujumbe, nilijiona nimeomoka. Dili ilikuwa rahisi: chumba cha bure siku tano, elfu kumi na tano, nusu kwanza. Mimi nitoe klipu tatu na picha, na kila moja ionyeshe mlima. Nilikuwa na deni la kodi miezi miwili. Sikuuliza swali hata moja. Hata sikuuliza kwa nini chumba ni cha bure mwezi wa nne.

Jibu nililipata njiani. Nilipanda matatu karibu na River Road, na kutoka Sagana kwenda juu mvua haikukatika. Karatina mvua, Naro Moru mvua. Dereva aliponiambia mlima uko upande wa kulia, niliangalia nikaona ukuta wa kijivu.

Kama hujui, mlima una misimu yake. Watu hupanda sana Januari na Februari, alafu tena Julai mpaka Septemba, wakati kumekauka. Machi mpaka Mei ni mvua ndefu. Njia ya Naro Moru iko na kinamasi kinachopanda na mlima, unazama mpaka magoti. Wageni wanajua hivyo, kwa hivyo hawakuji. Mji unabaki na wenyewe.

Na sitawadanganya, siku ya kwanza nilichukia. Gesti ya vyumba ishirini, wageni wawili, mmoja ni mimi. Kijana wa mapokezi ndiye alikuwa mpishi, ndiye mlinzi, ndiye wa kubeba mabegi. Wenzake walikuwa wameambiwa waende nyumbani wasubiri simu mwezi wa saba. Si kufutwa, si likizo. Kusubiri simu tu. Nilimwuliza wanakula nini, akacheka, akaniambia, "Kaka, hapa tunakula mwaka mzima pesa ya miezi mitano."

Siku ya pili nilienda kwa ile ishara ya ikweta, hapo kando ya barabara kabla uingie mjini. Unaijua hata kama hujafika, juu kila mtu ako na picha hapo. Kuna wasee wa kufanya ule mchezo wa maji. Beseni iko na shimo chini, kijiti cha kiberiti kinaelea. Ukisimama hatua chache kaskazini mwa mstari kijiti kinazunguka upande mmoja, ukienda kusini kinazunguka upande mwingine, ukisimama kwa mstari maji yanashuka tu bila kuzunguka. Wazungu wanashangaa, wanalipa, wanapewa cheti.

Siku hiyo hakukuwa na mtu. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya hema la vinyago, beseni imefunikwa magotini kama mtoto. Nilimwomba anifanyie, nirekodi. Alifanya yote matatu, maneno yote, kwa Kiingereza kile kile cha wageni. Alipomaliza nikamwambia, "Mzee, hii si kweli, ama?"

Mimi nilisoma uhandisi semesta tatu kabla nitoke. Mengi nimesahau, lakini hili nakumbuka. Nguvu inayoitwa Coriolis iko, na ndiyo inazungusha vimbunga vikubwa baharini. Lakini kwa beseni, hatua ishirini kutoka ikweta, ni kidogo sana haiwezi kusukuma hata kijiti. Kinachozungusha maji ni vile unayamimina na vile unageuka ukibeba beseni.

Mzee hakukasirika. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akanionyesha vile mkono unapinda kidogo ukimimina. Akasema, "Kijana, mgeni ametoka kwao mbali, anataka kuona ikweta. Ikweta haionekani. Sasa mimi nimwonyeshe nini?"

Niliicheka hiyo maneno mpaka gesti. Nilirekodi, nikaihifadhi, nikasema hii ni dhahabu. Alafu jioni simu ikaingia. Mwenye gesti. Siku mbili zimepita na hajaona mlima kwa posti. Nikamwambia mawingu. Akaniambia hiyo si shida, akanitumia picha ya Agosti. "Weka hii. Mlima ni ule ule."

Nikaweka.

Sikufikiria hata dakika. Mlima ni ule ule, si ndiyo? Batian ilikuwa mita 5,199 Agosti na bado ni mita 5,199 Aprili. Mlipenda sana. Sijawahi kupata moyo nyingi hivyo kwa posti moja.

Siku ya nne, nikiwa kibanda cha chapati madondo karibu na soko, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada mmoja wa Umoja. Ameona posti. Mamake anafikisha miaka sitini, na maisha yake yote amekuwa akisema anataka kuona Kirinyaga karibu kabla macho yaishe. Macho yameanza kushika ukungu, daktari amesema hivyo. Ameweka akiba, wanakuja wikendi hiyo hiyo. Alikuwa anauliza tu dirisha la upande gani ndilo linaangalia mlima vizuri.

Nilisoma hiyo ujumbe mara tatu. Chapati ikapoa. Mathe wa kibanda akaniuliza, "Kijana, umepata habari mbaya?" Nikamwambia hapana. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatusikizani vizuri.

Unajua mzee wa beseni ananishinda nini? Mtu akimlipa, amepata dakika kumi za kucheka na hajapoteza kitu cha maana. Mimi yule dada angenilipia na macho ya mamake.

Nikamjibu ukweli. Nikamwambia picha si yangu, mlima sijauona, na wasikuje mwezi huu. Wangoje Julai ama Agosti, na waamke mapema kabla mawingu yapande. Hakunitukana. Aliandika tu, "Sawa. Asante kwa kusema." Hiyo "sawa" ilikuwa baridi kuliko Nanyuki yenyewe. Nikafuta posti. Mwenye gesti aliona kabla ya saa moja kuisha, na nikaambiwa nirudishe zile pesa za kwanza. Bado namlipa, kidogo kidogo.

Sasa, sababu ya kweli ya kuandika hii.

Nikiwa kwa matatu ya kurudi nilijiuliza mbona ile picha iliniingia rahisi hivyo. Sikupenda jibu. Ni kwa sababu nimezoea. Mamangu alikuwa bado anajua niko chuo, mwaka wa tatu. Nilitoka mwaka wa kwanza ukiisha kabisa, nikachoka, nikakosa karo, vyote viwili pamoja, na sikusema. Kila mara akiniuliza masomo vipi, mimi nilikuwa nampa picha ya Agosti. Masomo ni poa, mama. Mtihani uko karibu, mama.

Karatina matatu ilisimama, nikanunua karoti kwa dirisha, fungu mbili. Nilifika nyumbani saa mbili usiku. Mama alikuwa anapika. Nikamsaidia kuosha karoti, na nikamwambia hapo hapo, mikono ikiwa kwa maji, nisimwangalie usoni.

Alizima stovu. Alikaa kimya muda mrefu sana. Alafu akaniambia, "Kwa hivyo ile pesa nimekuwa nikiweka kwa chama ya sherehe ya kuhitimu, niitoe?"

Sikujua anaweka. Aliniambia ameweka tangu nilipoingia. Nilianza kulia, yeye akawasha stovu tena akaendelea kupika. Hatujamaliza hiyo stori mpaka leo. Siku zingine ananiongelesha vizuri, siku zingine ananiita tu kwa jina langu lote, na mnajua hiyo inamaanisha nini.

Kuna maoni nataka niyaseme. Sisi wa kutengeneza kontenti tumewazoesha msimu mmoja. Kwetu ni Agosti mwaka mzima. Hamjawahi kuona kijana wa mapokezi akisubiri simu ya mwezi wa saba, wala wabeba mizigo wa mlima wakipanda viazi kwa mvua juu hakuna wa kumbebea. Mkija mnapata mji umevaa nguo za wageni. Na mkiangalia maisha yenu wenyewe Aprili, mnadhani nyinyi ndio mmeharibikiwa peke yenu.

Mkitaka kwenda Nanyuki mvua ikinyesha, nendeni, lakini mjue mnaenda kuona nini. Vyumba ni bei ya chini. Watu wana wakati wa kuongea. Chai ni moto. Mlima kuna uwezekano hamtauona, na mtu akiwaambia mtauona kila asubuhi, mwulizeni amepiga picha lini.

Klipu ya mzee wa beseni sijaiweka, na sitaiweka. Alinionyesha siri ya mkono wake akiniamini, na hiyo ndiyo kazi yake.

Na wewe dada wa Umoja, kama unasoma hii: mkienda Agosti, niambie mama aliona.