Kanuni Haipiti Siku Inapoletwa

Nilisoma shule ya msingi miaka michache baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto aingie darasani, na sikuwahi kusikia kwamba shule yetu ina kamati. Huenda ilikuwepo, Sheria ya Elimu ya 1978 ilitaka iwepo. Tulichokijua sisi ni mwalimu mkuu kusimama mbele ya mstari asubuhi na kutamka: kuanzia Jumatatu kila mmoja aje na fagio, au kila mmoja aje na kidumu cha maji. Likishatamkwa limekuwa sheria. Akihamishwa, sheria zake zinaondoka naye, na anayekuja anatamka za kwake. Wazazi walizisikia kwetu, wakanung'unika jikoni, wakatii.

Kwa malezi hayo, nilipochaguliwa mjumbe wa kamati ya shule ileile mwaka 2002, hapa wilayani Kongwa, nilitarajia kualikwa soda siku ya kufunga shule, basi. Kumbe huo ulikuwa mwaka wa kuanza kwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada imefutwa, madarasa yamefurika, na serikali imeamua fedha za ruzuku ziingie akaunti ya shule, kamati ndiyo ipange matumizi. Hundi ilihitaji saini ya mwenyekiti wetu, ambaye hakuwa mwalimu bali mkulima wa karanga, na nyuma ya kila hundi ulitakiwa uwepo muhtasari wa kikao kilichoidhinisha.

Wengi husema ushirikishwaji uliletwa na semina. Semina tulihudhuria, posho tukala, lakini mimi naona ulioleta mabadiliko ni muhtasari. Ukishalazimika kuandika nani kahudhuria, kama akidi imetimia, nani kapinga na kwa hoja gani, inakuwa vigumu kujificha nyuma ya "mwalimu kasema". Mwanzoni tuliandika mambo ya fedha tu: mabati, madawati, chaki. Kanuni za shule zilikuwa zikipenya kwenye mengineyo, mwishoni, wajumbe wakiwa wameshashika kofia zao.

Ndivyo ilivyozaliwa kanuni ya chakula. Watoto wa vitongoji vya mbali walikuwa wakifika na njaa, ikifika saa tano wanasinzia. Mjumbe mmoja akapendekeza kila mzazi alete debe la mahindi kwa mwaka, na asiyeleta mwanawe arudishwe nyumbani. Mikono ikanyooshwa, mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu, akaandika mstari mmoja, tukaagana.

Mstari huo uliposomwa kwenye mkutano mkuu wa wazazi, bibi mmoja aliyekuwa akilea wajukuu akasimama. "Wanangu, shamba langu ni la mtama. Mahindi niyatoe wapi?" Mwenyekiti akamjibu kwa heshima zote kwamba suala limeshapitishwa. Bibi hakukaa. "Na huyo mtoto mkimrudisha, mmemwadhibu nani? Debe ninadaiwa mimi." Darasa zima likalipuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kamati ikiondoka mkutanoni na kanuni yake kwapani, haijakubaliwa.

Ilichukua miezi kuitengeneza upya. Tuliipeleka kwanza kwenye mikutano ya vitongoji, ikasomwa kwa Kiswahili na kufafanuliwa kwa Kigogo, ikarudi imejaa marekebisho. Mtama upokelewe sawa na mahindi. Michango ikusanywe baada ya mavuno, si Januari ambapo vihenge vimebaki vumbi. Asiyetoa aitwe yeye mwenyewe na mwenyekiti wa kitongoji, mtoto asiguswe. Ndipo kamati ikaipitisha, na nakala zikaenda kwa serikali ya kijiji na kwa mratibu elimu kata. Kutoka hapo tukajiwekea utaratibu ambao hakuna waraka uliotuagiza: kanuni haipitishwi siku ileile inapoletwa. Utaratibu huo una kero zake. Rangi ya sweta ilizunguka vitongojini karibu mwaka mzima, na baridi ya Juni ikapita hatujaafikiana.

Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 elimumsingi ikawa bila malipo. Serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zikashuka shuleni. Chakula cha mtoto wa kutwa hakikuwemo, kilibaki mikononi mwa mzazi. Lakini neno "bure" lilifika kijijini kabla ya waraka wenyewe, na magunia yakapungua. Rais Magufuli alipowakataza walimu kushika michango, Januari 2018, mwalimu mkuu wetu akagoma hata kuona kiroba kikishushwa uwanjani. Vikao vikageuka vya kusomewa maelekezo.

Wenzangu waliulaumu waraka. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa hakuna aliyetukataza kukutana. Baadaye tulirudi vitongojini na pendekezo jipya: nafaka ihifadhiwe kwenye ghala la kijiji, ufunguo washike wazazi, mwalimu asihusike kabisa. Uji ukarudi.

Hata hivyo siamini kwamba kila jema huanzia kijijini. Tangu 2002 kanuni za viboko zinasema visizidi vinne, vichapwe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Tungewapelekea wazazi wetu suala hilo, wangeomba viongezwe. Waraka wa 2021 unaomrudisha shuleni msichana aliyejifungua usingepita hata kitongoji kimoja; ilibidi ushuke kutoka wizarani, na ni vyema ulishuka. Kazi iliyobaki kwa kamati ni kuuliza kama kilichoshuka kinafuatwa, na hapo tulikuwa wazito.

Aliyetuamsha ni mama mmoja, mjumbe mpya, aliyeomba kuona kitabu cha viboko. Mwalimu mkuu akasema kiko stoo. "Sawa, Mwalimu, tutasubiri," akajibu, akakunja mikono. Tukasubiri sote. Kililetwa kikiwa na majina ya mwaka mmoja wa zamani, kurasa zilizobaki nyeupe. Sasa kitabu hicho ni agenda ya pili ya kila kikao, mara baada ya kuthibitisha muhtasari, na mama yule ndiye anayekisoma.