Hewa Ikaayo Chini



Sisi wa Goma tumezoea kutazama juu. Tukiamka usiku, macho huenda kwanza kwenye kilele cha Nyiragongo, kuona kama wekundu wake umezidi. Tunayo sababu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, mbingu ziligeuka nyekundu tena, tukakimbia na magodoro vichwani. Moto wa juu kila mtu huuona, na hakuna anayengoja kuelezwa.

Lakini nchi hii ya volkano ina hatari nyingine, isiyo na moto wala moshi. Wazee waliiita mazuku, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali nao hulitumia jina hilohilo. Ni hewa ya ukaa, itokayo ardhini kupitia nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayoivuta, haipandi; hutuama mabondeni kama maji. Haina rangi, na pua haiitambui. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Ndiyo maana mahali palipo salama saa nane mchana paweza kuua saa kumi na moja alfajiri.

Hayo tulikuwa tumeyasikia tu, mpaka asubuhi moja tulipokwenda upande wa Bulengo, karibu na ziwa, kuwasaidia waliokimbia vita kusimamisha vibanda. Tulichagua kibonde kilichokingwa na upepo, tukafurahi kwamba turubai hazitapeperushwa. Tulisimama humo tukipima kwa kamba, wala hatukuhisi kitu. Mtoto mdogo aliyetufuata aliketi chini, akacheza na kokoto.

Mama mzee mmoja akapaza sauti kutoka ukingoni: “Wanangu, mwinueni mtoto! Tokeni!” Tulidhani ameona nyoka. Tulipomwinua, kichwa chake kilituangukia begani, macho yamelegea. Tulimpandisha mbio hadi penye upepo. Muda ule ulituwia mrefu kuliko mkesha wa Pasaka; kisha akakohoa, akalia, nasi tukalia pamoja naye.

Mama yule hakutugombeza. Alituonyesha kwa fimbo yake panzi waliokufa kati ya mawe, na ndege mdogo aliyelala chali. Tulikuwa tumewaona. Tulikuwa tumewaruka ili tupime vizuri.

Tangu siku ile tunajiuliza tulikosea wapi. Hatukuwa wavivu, wala hatukuwa na nia mbaya. Kosa letu ni kwamba tuliupima usalama kwa vimo vyetu. Hewa ile ilituishia magotini, lakini yeye ilimfunika. Tulikuwa mahali pamoja, lakini hatukuwa katika hatari moja. Na kwa kuwa sisi tulipumua vizuri, tulisema kwa moyo mweupe kwamba hapa hakuna shida.

Sasa tumejiwekea desturi. Kabla ya kukaa mahali tusipopajua, tunawauliza wenyeji, hasa wazee. Tunatafuta wadudu na ndege waliokufa. Hatushuki mabondeni alfajiri, wala hatuwaachi watoto wacheze humo. Mtu akianguka, hatumfuati kwa pupa, maana anayemfuata bila kufikiri huanguka naye. Tunaita watu, tunatafuta kamba, tunamvuta kutoka penye upepo.

Tunawaomba nanyi mfanye hivyo. Mtakapokutana Jumapili ijayo, kila kikundi kiyataje mabonde ya mtaa wake, na kiwatume wawili kwa wazee kuuliza ni yapi yaliyowahi kuua mbuzi. Kisha watoto wa mtaa waonyeshwe, mmoja mmoja, kwa mkono. Na kabla ya kuagana, tuulizane: ni wapi pengine tunaposimama salama, huku aliye mdogo kando yetu anakosa pumzi?