Pipa la Maji Baridi

Mwaka 1849 mwanafunzi mmoja wa teolojia huko Bavaria, Sebastian Kneipp, mwana wa mfumaji aliyekuwa akiugua kifua, alijitosa mara kwa mara katika maji baridi ya mto Danube. Alipata nafuu, akapewa upadre mwaka 1852, na kitabu chake juu ya tiba ya maji kikatoka mwaka 1886.

Nasi, tusio na mto karibu, tulinunua pipa la plastiki la lita 200, lenye mdomo mpana, lililowahi kubeba chakula wala si kemikali. Tulilisafisha, tukaliweka mahali tambarare, tukalijaza nusu tu, kwani mwili nao huchukua nafasi. Maji yalilala nje. Alfajiri hayakuhitaji barafu.

Siku ya kwanza mmoja wetu aliingia peke yake, kwa majivuno, wengine tukiwa tumelala. Pumzi ilimkatika, moyo ukamwenda mbio, mikono ikashindwa kushika ukingo. Aliokolewa na mwenzetu aliyetoka kuteka maji.

Ndipo tulipojifunza kwamba baridi ya ghafla hupandisha shinikizo la damu. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Anayeanza aingie taratibu, na dakika moja yamtosha. Pipa nalo lifunikwe daima kwa ajili ya watoto.

Pipa tulilipata kwa bei nafuu. Kilichokosekana asubuhi ile hakiuzwi dukani: mtu wa kusimama kando. Tangu hapo, haingii mtu asiye na mwenzake.