Breki Kali za Nyuma Nusura Zituue

Wacha nianze na ile sehemu sikuwaonyesha kwa video.

Wale mmekuwa hapa kitambo mnaijua DX yangu, ile Corolla ya zamani inayosukumwa na tairi za nyuma. Mnakumbuka nikitoa dramu za nyuma na kufunga diski, kalipa nimezipaka rangi nyekundu, nikaandika "sasa inasimama kama imegonga ukuta." Hiyo video mliipenda kuliko zote. Kilichotokea siku tisa baadaye sikuwaambia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Eastern Bypass, lami kavu kabisa. Nilikuwa na mdogo wangu, ana miaka 15, tunaenda kumwona shosho. Nilikuwa kwa kama 80 hivi. Matatu iliyokuwa mbele ikaona abiria, ikakata kushoto, ikasimama hapo hapo. Nikakanyaga breki vile mtu yeyote angekanyaga. Nilitegemea pua ishuke tusimame. Badala yake nikasikia mkia umekuwa mwepesi, nikaona ukingo wa barabara unapita mbele ya kioo, halafu nikaona magari yaliyokuwa nyuma yangu yanakuja usoni. Tulisimama tukiangalia tulikotoka, tairi moja kwa nyasi.

Hakuna aliyeumia. Mdogo wangu hakupiga kelele. Alifungua mkanda, akashuka, akaniambia, "Bradha, mimi nitapanda mat." Na akapanda ile ile iliyotukatia.

Siku mbili nzima nililaumu hiyo matatu. Siku ya tatu nikapeleka gari kwa mzee wa gereji ya mtaani, nikitaka tu aangalie kama kuna kitu imepinda. Alizunguka gari mara moja, akainama kuona breki za nyuma, akaniuliza, "Kijana, ukiwa mdogo ulikuwa na baiskeli?"

"Nilikuwa nayo, mzee."

"Ukitaka iteleze kwa mchanga watoto wakushangilie, ulikuwa unashika breki gani?"

"Ya nyuma."

"Basi umejijibu."

Manze, nilisikia vibaya. Kitu nilikijua nikiwa na miaka minane, nikakisahau nikiwa na pesa ya kununua kalipa.

Iko hivi. Ukipiga breki, uzito wa gari unahamia mbele. Ndiyo maana pua inashuka. Tuseme gari ina kilo 900, na ikiwa imesimama, mbele inabeba 495 na nyuma 405. Piga breki kali kwa lami kavu, karibu kilo 150 zinahama. Sasa mbele kuna kama 645, nyuma zimebaki 255. Tairi za nyuma hazijashikilia chini vile ulivyodhani. Kwa hivyo zinahitaji breki kidogo kuliko za mbele, na waliotengeneza gari walijua. Waliweka hadi vali ya kupunguza presha inayoenda nyuma.

Halafu nikaja mimi. Nikatoa dramu, nikaweka diski na kalipa za gari nzito kuliko yangu, nikaongeza pedi kali. Nikang'oa kiti cha nyuma, spea na jeki ili gari iwe nyepesi. Ukiniuliza kila kitu peke yake, kila kimoja kilikuwa na sababu. Vikikutana, vilifanya jambo moja: breki za nyuma zikaongezeka nguvu, na uzito wa kuzishikilia chini ukapungua.

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafikiria swali ni breki zina nguvu kiasi gani. Swali lenyewe ni hili: ukizidisha, tairi gani inajifunga kwanza, yaani inaacha kuzunguka na gari bado inaenda? Tairi iliyojifunga haishiki tena upande. Mbele zikijifunga kwanza, gari inaenda moja kwa moja na usukani haujibu. Inatisha, lakini ukilegeza mguu kidogo usukani unarudi. Nyuma zikijifunga kwanza, mkia unataka kupita pua. Ukishtuka, tayari unaangalia ulikotoka.

Kosa la upande mwingine pia lipo. Kuna rafiki yangu alifunga kalipa kubwa mbele pekee. Gari yake haizunguki, lakini mbele zinajifunga mapema na za nyuma ziko likizo. Anachukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko kabla hajatumia pesa.

Mzee alinifungia vali ya kurekebisha kwa mkono, ile yenye kifundo cha kuzungusha, kwa bomba linaloenda nyuma. Ile ya zamani akaitoa, kwa sababu vali mbili zikifuatana kwa laini moja huwezi kujua ni ipi inafanya kazi gani. Hii vali haiongezi breki. Inaacha presha ipite kama kawaida hadi kiwango fulani, kisha inapunguza kasi ya kupanda kwa presha ya nyuma. Kifundo kinabadilisha hicho kiwango tu.

Tahadhari moja kabla ukimbie Kirinyaga Road. DX yangu ina bomba moja linaloenda nyuma, ndiyo maana vali moja inatosha. Gari nyingi zinazovutwa na tairi za mbele, mabomba yake yamepishana: mbele kushoto na nyuma kulia laini moja, zile zingine laini ya pili. Hiyo ni ili laini moja ikipasuka, ubaki na nusu ya breki. Ukiweka vali moja upande mmoja, gari itavutwa. Ukiunganisha laini zote mbili ili utumie vali moja, umeua ule usalama wa laini mbili. Na kama gari yako ina ABS, usiguse mpangilio wake kwa sababu umeona video, hata kama video ni yangu.

Baada ya kutoa hewa yote kwa breki, tuliomba ruhusa ya kutumia uwanja wa lami wa godauni moja Jumapili, geti imefungwa. Tulianza kifundo kikiwa kimepunguza nyuma hadi mwisho. Kilomita 30 kwa saa, kanyaga mpaka tairi zijifunge. Kisha 40, kisha 50, laini moja kwa moja, usukani umenyooka. Dereva hawezi kujua vizuri ni tairi gani imejifunga kwanza, kwa hivyo mtu alisimama mbali pembeni akirekodi na simu kwa mwendo wa pole. Tunaangalia, tunafungua kifundo kidogo, tunarudia. Mara ya sita nyuma zikatangulia. Tukarudisha kifundo mpaka mbele zikawa zinatangulia kila mara, tukaongeza kidogo cha usalama, tukaweka alama ya rangi. Tangu hiyo siku sijakigusa.

Kitu kilichonishangaza: mzee alikataa kabisa tupime siku ya mvua. Mimi nilidhani mvua ndiyo mtihani mgumu. Akaniambia kwa lami yenye maji gari haiwezi kupunguza mwendo kwa nguvu, kwa hivyo uzito kidogo tu unahamia mbele na nyuma inabaki imetulia. Ukirekebisha kwa mvua utaona uko sawa, ufungue nyuma zaidi, halafu jua likitoka nyuma zinajifunga kwanza. Pia tulipima gari ikiwa tupu nyuma, kwa sababu hapo ndipo mkia ni mwepesi zaidi.

Sasa niseme maoni yangu, mkasirike mkitaka. Sisi tunajenga gari za kupigwa picha. Kalipa nyekundu inaonekana kupitia rimu. Vali iko chini huko na hakuna mtu ataipa laiki. Mimi mwenyewe niliwaonyesha rangi, sikuwaonyesha hata jaribio moja. Kuna watu waliniandikia wakiniambia wamefuata nilichofanya. Ninyi ndio ninaandikia leo. Kama ulibadilisha breki upande mmoja wa gari na hujapima ni tairi gani zinajifunga kwanza, usimbebe mtu. Tafuta fundi anayeuliza maswali, tafuta uwanja uliofungwa, pima. Na kama huna uwanja, rudisha vitu vya zamani. Dramu si aibu.

Yule aliyekuwa anarekodi na simu ni mdogo wangu. Alikubali kuja akisema ataangalia tu kwa umbali. Tulipomaliza alitazama video ya mwisho mara tatu, tairi za mbele zikitangulia kila mara. Nikamuuliza kama nimpeleke nyumbani.

"Rudisha kiti cha nyuma kwanza," akasema. "Hapo ndipo nitakaa."

Kiti kilirudi Jumatatu. Spea pia.