Kota za Mwadui

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza unafika Maganzo, senta ya barabarani yenye kelele za wapiga debe na wachuuzi. Hapo unaiacha barabara kuu na kufuata njia ya geti la mgodi wa Mwadui. Ng'ambo ya geti ndiko nilikokulia mwishoni mwa miaka ya 1970, baba akiwa dereva mgodini. Nje ya uzio zilikuwapo nyumba za msonge, ng'ombe, na mbuga nyeusi ambayo masika ilikuwa haipitiki. Ndani tulikuwa na umeme, maji ya bomba, hospitali, shule, hata uwanja wa ndege.

Mji huo ulianza na mtu mmoja. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, baada ya kuhangaika porini kwa miaka akiwa hana kitu mfukoni. Wazee walimwita Dokta, na habari zake hawakuchoka kuzisimulia: hakuoa, hakupenda watu wengi. Mwaka 1947 mgodi wake ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huohuo. Ilipochongwa zikabaki karati 23.6. Jiwe lile lina jina, lina picha, lina historia iliyoandikwa. Nyumba za waliolichimba hazina.

Williamson alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu.

Kota yetu ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na jiko kwa nyuma. Namba ya nyumba ilipakwa rangi kando ya mlango. Madirisha yalikuwa ya wavu, na sakafu ya saruji nyekundu mama aliing'arisha kwa nta kila Jumamosi. Ole wako upite na matope. Bibi alipokuja kutoka kijijini na michembe na karanga, ilibidi kwanza aandikishwe getini. Usiku alikataa kulala chumbani. Nyumba yenye dari, alisema, inafuga nyoka usiyemwona. Akatandika mkeka barazani na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Upande wa wakubwa zilikuwapo nyumba pana zenye baraza kubwa, miti ya kivuli na bustani za kumwagiliwa. Tulipita huko kwa baiskeli bila kusimama. Uhuru ulibadilisha majina ya wakazi, mpangilio wa mji ukabaki uleule: cheo ndicho kilichogawa nyumba. Katika nchi iliyokuwa ikihubiri Ujamaa, ukitajiwa mtaa anaokaa mtu umeshaujua mshahara wake.

Nyumba iliendana na kazi. Baba alipostaafu tulikabidhi funguo, tukapakia godoro, kabati na kuku kwenye lori, tukaondoka kama walivyoondoka majirani waliotutangulia. Ndiyo maana, nadhani, kota zile hazina wa kuzisemea: hakuna ukoo wenye nyumba ya urithi mle ndani.

Sheria nayo haizisaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886. Ya baadaye yanangoja tamko la waziri. Majumba mengi ya Bagamoyo na Kilwa yanaingia humo bila kuomba. Kota za Mwadui haziingii, ingawa kwa watu wa kanda yetu ndizo zilizowafundisha wengi maisha ya saa, mshahara na king'ora.

Tuliokulia Mwadui tumetapakaa kila mahali. Mwenye picha ya kota ya wazazi wake aandike nyuma yake namba ya nyumba na mwaka, kisha apeleke nakala Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Na Halmashauri yetu ya Kishapu imwandikie waziri sasa, wakati mabati yangali juu.